Sensa ya 1890 iliteketea, jibu likawa kwenye daftari la ndoa

Wiki iliyopita dada mmoja Mtanzania anayeishi Texas aliniandikia: "Kaka, natafuta ukoo wa mume wangu. Nimefika 1900, nimegonga mwamba." Mwamba huo niliugonga mimi kabla yake, na niliumiza watu.

Mke wangu ni Mmarekani mweusi, chimbuko lao Mississippi. Mimi nimekulia Tanga, ambako wazee wa mtaani walikuuliza "wewe mtoto wa nani?" na usipofikisha majina matatu unarudishwa nyumbani ukaulize. Niliingia ukweni na kiburi hicho. Nikamwahidi mama mkwe kwamba nitamletea wazazi wa mama aliyemzaa bibi yake.

Sensa ya Marekani ya 1900 ilimwonyesha mama huyo ana miaka 26, mke wa mtu, kwa jina la mume. Ya 1880 ipo, na inataja kila mtu na uhusiano wake na mwenye nyumba. Katikati ilitakiwa iwepo ya 1890, binti ana miaka 16, pengine bado yuko kwa wazazi wake. Hiyo ndiyo haipo. Tarehe 10 Januari 1921 moto uliwaka chini ya jengo la Wizara ya Biashara jijini Washington, na madaftari ya 1890 yalikuwa yamepangwa kwenye rafu za mbao, nje ya chumba cha kuzuia moto. Mengi yaliyonusurika na moto yakalowa maji. Kinachonikera zaidi ni kilichofuata: mabaki yale yalikaa miaka, hadi Februari 1933 Bunge likaruhusu yaharibiwe kama karatasi zisizo na kazi. Kati ya watu karibu milioni 63, yamesalia majina kama 6,160.

Kwa weusi pengo hili ni jeraha. Mwaka 1860 watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila majina, chini ya jina la bwana wao. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Ikaja ya 1880, kisha giza la miaka 20.

Giza hilo mimi nililiruka. Niliona 1880 binti wa miaka 6, jina la kwanza lile lile, kaunti ile ile, nikasema ndiye. Kwenye mkutano wa ukoo nikasimama nikasoma majina ya wazazi wake. Mama mkwe alilia. Mwaka mzima majina hayo yalitajwa kwenye sala mezani kwake. Kisha nikamkuta binti yule yule kwenye sensa ya 1900, bado yuko kwa baba yake, hajaolewa. Nilikuwa nimewapa mababu wa watu wengine! Nilimwambia mama mkwe kwa simu, sikuweza kumtazama usoni. Alinyamaza, akasema hao nao wameombewa.

Jibu lilikuwemo kwenye karatasi ile ile ya 1900, safu niliyoipuuza: miaka ya ndoa. Iliandikwa 7. Nikatafuta ndoa za 1893 kwenye kaunti yao, hakuna. Nikahamia kaunti ya jirani, nikamwona, kwa jina la kwao. Mdhamini wa ndoa alikuwa na jina hilo hilo la ukoo, ametia alama ya msalaba badala ya saini. Nikarudi 1880 kwenye kaunti hiyo: baba, mama, kaka wa miaka 11, na binti wa miaka 6. Niliipata mwenyewe, usiku wa manane, bila kumlipa mtaalamu yeyote, na najivunia.

Ndugu zangu, someni karatasi yote, kila safu. Tafuteni ndoa, kodi, vitabu vya kanisa, orodha za watoto wa umri wa shule. Jina kufanana si ushahidi. Nasaba ni amana, usimpachike mtu babu asiye wake kwa sababu una haraka ya kupigiwa makofi. Nasema tena, kila safu.

Dada wa Texas, fungua ile karatasi yako ya 1900, utazame safu ya miaka ya ndoa, kisha uniandikie tarakimu uliyoiona.