Kusi Likivuma Ndiyo Wakati wa Kutoka na Kamera

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Muyeye, hapa Malindi, aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimeiona ile picha yako ya ndege wa mto Sabaki. Mimi nina simu tu, na msimu huu wa baridi mtaani kwetu hamna kitu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hilo "hamna kitu" nimeambiwa mimi miaka yote, tena na watu wanaolipwa kuwaonyesha wengine wanyama. Wenyeji wa Malindi tumeaminishwa kwamba wanyama wako Tsavo, ndani ya gari, baada ya kulipa kiingilio. Kusi, upepo wetu wa miezi ya baridi, likiingia ndiyo basi kabisa: bahari imechafuka, ufuo umejaa mwani, kila mtu amejifunika shuka. Mimi nakwambia hii ndiyo miezi yangu. Jua la kaskazi, msimu wa joto, likifika saa tatu asubuhi humchoma yangeyange mpaka anatoka pichani doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Mawingu ya kusi hutuliza mwanga. Mwezi wa saba unaweza kupiga mpaka karibu adhuhuri na kila unyoya ukaonekana.

Natoka baada ya sala ya alfajiri, kunapopambazuka, na napita njia ile ile. Kwanza nasikiliza kunguru. Ukisikia wamekusanyika juu ya mti mmoja wakipiga kelele za hasira, usiwapite. Mara nyingi pana bundi, mwewe au nyoka mle ndani. Bundi wangu wa kwanza nilionyeshwa na kunguru, kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba yetu, amefumba jicho moja. Jirani aliponiona na picha ile akaniomba niifute, bundi ni uchuro. Sikuifuta, na leo imetundikwa sebuleni kwangu. Kunguru wenyewe, hawa wenye shingo ya kijivu, siwapendi, nasema wazi. Asili yao ni Bara Hindi, wanakula mayai na makinda ya ndege wetu, na mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Lakini macho yao ni makali kuliko yangu, kwa hiyo nayatumia.

Tumbili usiwakimbilie. Tazama ukuta wanakoelekea, tangulia, kaa chini, watakukuta. Wala usiwarushie ndizi ili wasogee. Utapata picha moja, na majirani wataibiwa jikoni mwaka mzima.

Na kabla ya yote, salamu. Kamera iliyoinuliwa juu ya ukuta wa mtu inachungulia, hata kama wewe wamtazama ndege chozi kwenye maua yao. Ndani kuna wanawake hawajajifunga leso. Piga hodi, sema unachotafuta, onyesha picha ulizopiga. Zamani nilifukuzwa kwa maneno makali na nikalia njiani. Sasa watoto wa mtaa wananiita Mama Ndege, na ndio wanaokuja kunigongea mlango: "Mama Ndege, kuna kinyonga kwetu!"

Sasa niseme ya Sabaki, maana ndiyo picha uliyoitaja.

Kila kusi, tangu mwezi wa nne hadi wa tisa, mlango wa mto ule hupokea ndege kutoka Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Wataalamu humwita Glareola ocularis. Ni wa kahawia iliyokoza, ana kutu kidogo tumboni, mstari mweupe chini ya jicho, na mabawa marefu yaliyochongoka kama ya mbayuwayu. Huzaa Madagaska peke yake, kisha huvuka bahari yote hii kuja kwetu. Wako watu wanaosafiri kutoka Ulaya kuja kumtafuta, na sisi tunalipita daraja la Sabaki tukienda Mambrui bila hata kugeuza shingo.

Siku niliyopiga picha ile nilimkuta mwongoza watalii na wageni wake wamesimama kando ya mkondo, mitungi ya lenzi imepangwa. Aliniangalia mimi na leso yangu, akasema kwa sauti: "We mama, rudi nyuma, wawafukuza ndege." Ndege wenyewe walikuwa ng'ambo, juu ya fungu la mchanga, vidoa tu. Nilirudi nyuma. Neno lile bado liko kifuani, maana mimi nimezaliwa na maji haya, na babangu alikuwa mvuvi.

Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Siku hizo, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya kwetu hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Wale walikuja asubuhi, wakachoka, wakaondoka. Mimi nilikaa mchangani, nikatia kamera ndani ya leso isiingie chumvi, nikangoja. Maji yakapanda, fungu likapungua, likafunikwa. Kundi likainuka lote, likazunguka, likatua upande wangu, karibu kuliko nilivyothubutu kuomba. Na jua lilikuwa mgongoni kwangu. Bahari ya Malindi iko mashariki: asubuhi ukiielekea, kila ndege ni kivuli cheusi, alasiri ukiielekea, mwanga unamwangukia yeye. Ndiyo maana asubuhi natembea mitaani na alasiri naenda ufuoni. Nikapiga mfululizo, mkono hautetemeki, na mmoja akageuza shingo mstari mweupe ukatokeza wote.

Sina lenzi ya mzungu, mdogo wangu. Nina maji na saa. Yajue maji. Kila siku hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana, kwa hiyo ukiijua leo, umeijua na kesho. Waulize wavuvi, watakwambia bila kuangalia simu. Chagua njia moja, uirudie. Mtu anayebadilisha njia kila siku hukutana na wanyama wasiomjua. Irudie mpaka yangeyange wa pale akuzoee, mpaka ujue kwera anasukia kiota chake mnazi upi.

Kwa simu yako anza na walio karibu: kinyonga, mjusi, kaa wa ufuoni, viota vya kwera. Shuka hadi usawa wa macho yao, hata ukilala kifudifudi na watu wakakucheka. Usivute picha kwa vidole, inaharibika; sogea polepole, na mnyama akiacha kula akakutazama, simama hapo hapo. Futa kioo cha kamera kila mara, kusi lina chumvi. Ndege walio kundini usiwaendee kabisa ili tu uwaone wakiruka. Wamevuka bahari, waache wapumzike.

Ukienda Sabaki nenda kabla mwezi wa tisa haujaisha, chagua siku za bamvua, fika saa nane mchana. Mchukue kaka yako mwende pamoja, na muondoke kabla ya magharibi, kwa sababu giza likiingia viboko wa mto ule hutoka majini kwenda kula nyasi.