Gari linawaka asubuhi, likipata joto linagoma: pima kwanza, spea baadaye

Mkuu mleta mada, pole sana. Kwa wanaoingia sasa: jamaa ana Toyota IST ya injini ya 1NZ. Asubuhi inawaka kwa mpigo mmoja. Akitoka Mbagala hadi Posta kwenye foleni, akazima kidogo kisha akarudi, stata inazungusha injini vizuri lakini gari haliwaki. Akiliacha likapoa, linawaka lenyewe. Ameshabadilishiwa betri na plagi zote nne, na sasa anaambiwa anunue pampu ya mafuta.

Pampu usinunue kwanza. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, na magari yenye dalili kama hiyo yananifikia mara kwa mara yakiwa yameshafungwa spea mpya zisizohusika kabisa. Inaniuma kuona mtu anamaliza mshahara kwa kubahatisha wakati gari lenyewe linasema linachoumwa.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni hili: je, injini inazunguka unapopiga stata, au haizunguki? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Mtu akiniambia "gari haliwaki" bila kusema lipi kati ya hayo, hata kifaa sichukui.

Injini isipozunguka, uko upande wa betri, nyaya nene, stata yenyewe na swichi zinazoiruhusu ifanye kazi. Koili na plagi ziache. Betri iliyojaa na iliyopumzika usiku kucha inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 haina nguvu ya maana. Lakini kipimo kinachosema kweli ni cha wakati stata inapigwa: mwenzako apige, wewe macho kwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme). Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi, hata kama muda mfupi nyuma ulisoma 12.6.

Ukisikia tik-tik-tik mfululizo huku taa za dashibodi zikififia, anza na betri na taminali zake, hasa zikiwa zimeota unga mweupe au wa kijani. Ukisikia "tak" moja nzito kisha kimya, na taa zimebaki na mwanga wake, mara nyingi kopa (vipande vya shaba vinavyopitisha umeme) za ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, zimelika au kaboni zimeisha. Kopa zinauzwa peke yake, kwa hiyo mtu asikukimbize kununua stata nzima kabla haijafunguliwa. Usiposikia chochote na gari ni otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likiwaka, umeshajua kuwa swichi ya gia ndiyo inayozuia.

Halafu kuna ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, ambayo wengi wanairuka. Waya mmoja wa multimita uweke kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha stata ipigwe. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Niliwahi kuletewa Noah iliyotoka kubadilishiwa gia boksi kwenye gereji moja. Stata ilikuwa inapiga kwa kusuasua, na kebo ya gia inapata joto hadi plastiki inanuka. Mkanda wa ethi unaounganisha bodi na injini haukurudishwa, kwa hiyo umeme wa stata, ambao ni mwingi mno, ulikuwa unajitafutia njia kupitia kebo ya gia na kebo ya eksereta. Mwenye gari alikuwa ameshanunua betri mbili. Kilichohitajika ni mkanda na boliti moja iliyosafishwa kutu. Hapa Pwani, kwa hewa hii ya chumvi, boliti za ethi ni za kufungua na kupiga brashi hata kama gari halisumbui.

Lako linazunguka, kwa hiyo tuhamie upande wa pili. Injini ya petroli inayozunguka ili iwake inataka mafuta, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo (pistoni kubana hewa na mafuta). Mgandamizo wa injini inayowaka vizuri kila asubuhi na kutembea vizuri hauwezi kupotea kila ukizima gari kisha ukajirudisha wenyewe likipoa, kwa hiyo uweke kando. Tunabaki na mafuta na cheche, na ili uelewe kwa nini naishuku sehemu fulani zaidi ya pampu, lazima ujue cheche inazaliwaje.

Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma. Mmoja ni mnene wenye mizunguko michache, mwingine ni mwembamba kama unywele wenye mizunguko mingi sana. Umeme wa volti 12 ukipita kwenye ule mnene unajenga nguvu ya sumaku, na hapo bado hakuna cheche. Cheche inatoka pale umeme huo unapokatwa ghafla: sumaku inaanguka kwa kasi na kusukuma volti 20,000 au zaidi kwenye waya mwembamba, zinazoruka pengo la plagi. Ni kama bomba la maji linalofungwa kwa nguvu hadi paipu zinagonga ukutani; kishindo kinatokana na kufunga. Kwa hiyo koili kupata volti 12 hakutoshi. Lazima kuwe na mtu wa kukata, na akate kwa wakati sahihi.

Kinachobadilika kizazi hadi kizazi ni huyo mkataji tu. Zamani zilikuwa pointi (swichi ndogo ya chuma) ndani ya distribyuta, kifaa cha kugawa cheche kwa kila plagi, zikifunguliwa na kemu, na kondensa pembeni yake isiache pointi ziungue. Mfumo huo wa betri na koili ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, ambaye pia ndiye aliyefanya stata ya umeme ikaingia kwenye Cadillac za 1912 na kuwapumzisha watu na hendeli ya kuzungusha kwa mkono. Baadaye pointi zikaondoka na transista ikachukua kazi ya kukata. Corolla 110 ya injini ya 5A bado ina distribyuta, lakini pointi hazimo. Kwenye 1NZ yako distribyuta imeondoka kabisa: kila plagi ina koili yake juu, na kila koili ina mkataji wake ndani.

Hapa ndipo penye siri ya gari lako. Koili ya 1NZ ina waya nne: umeme wa swichi, ethi, waya wa IGT ambao kompyuta inautumia kuagiza "kata sasa", na waya wa IGF ambao koili inautumia kujibu "nimekata". Kompyuta isipopata jibu la IGF mara kadhaa mfululizo, inazuia nozo (zinazopulizia injini petroli) zisimwage mafuta, ili petroli mbichi isiende kuunguza kataliti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Unaona? Tatizo la cheche linajificha na kuonekana kama tatizo la mafuta. Fundi anachomoa plagi, anaikuta kavu, anasema "mafuta hayafiki, pampu hiyo". Plagi kavu peke yake haithibitishi ubovu wa pampu.

Na hiyo kompyuta inajuaje wakati wa kuagiza? Inasubiri sensa ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), iliyokaa karibu na puli ya krenki, imwambie injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Sensa ikinyamaza, kompyuta inaona injini imesimama, hata kama stata inaizungusha mbele ya macho yako. Haitoi cheche, haifungui nozo, na kwenye magari mengi inaikata na pampu. Sensa yenyewe ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku na kufunikwa plastiki. Ikizeeka, waya unapasuka mahali padogo mno: ikiwa baridi ncha zinagusana, ikipata joto zinaachana. Baada ya foleni ukizima injini, feni na maji vinasimama, joto la chuma linapanda juu kwa muda, na sensa inapata joto kuliko ilivyokuwa barabarani. Ndiyo maana linagoma ulipotoka kununua kitu dukani, na si ukiwa unatembea. Dalili yako imekaa hapo kabisa, mkuu.

Hata hivyo sitaki ukanunue sensa kwa maneno yangu. Pima, na upime wakati limegoma. Gari la namna hii likivutwa hadi gereji linafika limepoa na linawaka, na kila mtu anabaki kukisia. Panga na fundi umeme akufuate lilipo, au ulitembeze hadi lipate joto ulizime ukiwa mlangoni kwake.

Likiwa limegoma, chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari na uangalie mzunguko wa injini huku stata ikipigwa. Sensa nzima itaonyesha mizunguko kama 150 hadi 250 kwa dakika. Ikionyesha sifuri wakati injini inazunguka kwa macho, ni sensa au waya wake. Angalia pia kama mashine inaonyesha namba ya hitilafu P0335, ambayo ni ya sensa ya krenki, ingawa kutokuwepo kwake hakuisafishi sensa. Bila mashine, tazama mshale wa RPM kwenye dashibodi: kwenye magari mengi unatikisika kidogo stata ikipigwa, na ukilala kabisa ni ishara. Kisha chomoa soketi ya sensa upime ohm. Namba kamili inategemea injini, ila unachotafuta ni sensa isiyosoma kitu ikiwa ya moto kisha ikaanza kusoma ikipoa. Njia nyingine ninayoipenda kwa urahisi wake ni kuzima swichi, kuiwekea sensa kitambaa chenye maji baridi, kusubiri kidogo, kuondoa kitambaa na kupiga stata. Ikiwaka palepale wakati injini nzima bado ya moto, umempata.

Sensa ikiwa nzima, angalia cheche. Chomoa soketi za nozo zote ili petroli isimwagike, toa koili moja, chomeka plagi, na chuma cha plagi kiguse vizuri chuma cha injini. Usiishike kwa mkono, na usipige stata plagi ikiwa inaning'inia hewani. Volti zile zikikosa njia zinaua koili, na zikikupitia wewe si mchezo. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika. Cheche ikiwepo, hapo ndipo pampu inaruhusiwa kushukiwa: weka sikio nyuma karibu na tanki mwenzako akipiga stata, kisha pima presha. Unaweza pia kupuliza spreya ya kusafishia kabureta kidogo kwenye njia ya hewa. Injini ikishtuka na kuwaka sekunde mbili, cheche ipo na mafuta ndiyo yanakosekana.

Cheche ikikosekana na sensa ni nzima, rudi kwenye umeme wa koili. Je, volti 12 zinafika kwenye soketi? Zisipofika, ni fyuzi, rilei au swichi ya ufunguo. Rilei nazo zina tabia ya kugoma kwa joto. Honda za miaka ya 90 zinajulikana kwa rilei kuu ambayo solda zake hupasuka, na gari lililoegeshwa juani halitaki kuwaka. Koili moja ikifa peke yake kwenye injini yako kwa kawaida haizuii kuwaka, gari litatetemeka na kukosa nguvu. Usikubali kuuziwa koili nne kwa dalili hii.

Mawili ya haraka kwa wengine mnaosoma. Kuosha injini kwa maji ya presha kunajaza maji kwenye visima vya plagi, na gari lililoingia zima linatoka linakohoa. Kama umeshaoshewa, toa koili, puliza visima kwa hewa, kausha, rudisha. Ukikuta humo kuna oili badala ya maji, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) imechoka. La pili ni plagi feki, zimejaa sokoni. Plagi za Denso na NGK zenye 11 mwishoni mwa namba zina pengo la milimita 1.1, ukikuta pengo limekaa ovyo na maandishi yanafutika kwa kidole, irudishe dukani.

Wenye dizeli, haya ya koili na plagi hayawahusu. Kwenu uliza hita, hewa kwenye mafuta na mgandamizo.

Mkuu, likigoma tena usilisukume, otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Pima hapohapo ulete hapa vitu vitatu: volti za betri stata ikipigwa, mzunguko wa injini kwenye mashine, na kama kitambaa cha maji kimeliwasha au la. Kama taa ya ufunguo kwenye dashibodi inaendelea kumweka swichi ikiwa on, liandike na hilo, maana hapo tutazungumza habari ya imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi.