Pono ni nani, na analalaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina watoto watatu, na huyu wa darasa la sita kumwamsha asubuhi ni kazi. Kila siku namfokea kwamba analala kama pono. Juzi akaniuliza, "Mama, kwani pono ni nani?" Nikamjibu ni mnyama fulani wa porini, mvivu. Akacheka, kumbe shuleni wameambiwa ni samaki. Samaki hana kope, sasa analalaje? Na huku kwetu anapatikana? – Mama Watatu, Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni samaki, na mtoto amekushinda. Mimi nimezaliwa Mafia, Dodoma nimeletwa na ualimu, na pono nimemshika kwa mikono yangu akiwa usingizini.

Nilikuwa na umri kama wa huyo kijana wako. Usiku wa bamvua, maji yamekupwa, mjomba alinichukua mwambani na karabai. Maji yalinifika kiunoni. Akanionyesha pango dogo kwenye matumbawe, akasema tia mkono polepole. Nikagusa kitu kinateleza kama mlenda, nikaruka nusura nizime taa. Mjomba akacheka, akamtoa pono taratibu kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri. Samaki macho wazi (kope hana, umesema kweli) lakini hajitambui.

Ule mlenda ndio habari yenyewe. Baadhi ya aina za pono, giza likiingia, hutoa ute na kujifunika nao mwili mzima, mithili ya mfuko unaoonyesha ndani. Mjomba aliuita shuka. Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2010 waliuita chandarua, na nadhani wamempiku mjomba. Waliwavua pono wengine ute huo usiku na wengine wakawaachia. Wale waliovuliwa walivamiwa kwa wingi na vidudu vidogo vinyonya damu, jamaa wa kamba. Waliobaki ndani ya ute wao, wachache sana ndio walioumwa. Sisi chandarua tunagawiwa. Pono anajitengenezea kila jioni.

Kuhusu uvivu, hapo unamwonea. Meno yake yameungana yakawa mdomo kama wa kasuku, na kutwa nzima anakwangua mwamba kutafuta mwani. Ukizamisha kichwa majini unamsikia: kwaru, kwaru. Mawe anayomeza yanasagwa na meno mengine yaliyoko kooni, maana tumbo la kusagia chakula hana. Yakitoka nyuma yanatoka mchanga. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa kilo mia kadhaa kwa mwaka, na sehemu ya ule mchanga mweupe ambao watu wanapigia picha za harusi imepita tumboni mwa samaki huyu. Mashine ya kusaga mtama pale kwenu hupumzika umeme ukikatika. Yeye hupumzika jua likizama tu. Na mwani asipoukwangua, matumbawe machanga hayapati pa kushika.

(Mwambie kijana na hili, atalipenda: madume wengi wale wa buluu na kijani walianza maisha wakiwa majike ya rangi ya kahawia.)

Kupatikana: huko kwenu mtaona zaidi perege na kambale wa Mtera. Hapa mjini niliwahi kumkuta mmoja soko la Majengo, kwenye barafu, rangi imepauka, muuzaji anamwita changu. Nikamfunua mdomo nikamwonyesha meno. Akanipunguzia bei ili ninyamaze. Ukimwona, mfunue matamvua kwanza. Nyama yake ni laini, huharibika upesi, na kutoka pwani hadi huku ni mbali. Yakiwa mekundu, nunua. Yakiwa ya kijivu, rudi kwa perege wako.