Deki imeharibika: itengenezwe au inunuliwe nyengine?

Maswali ya deki za DVD yamekuwa mengi tangu masika yalipoanza, na karibu yote yanaishia pale pale: nimpe fundi au ninunue mpya? Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine. Ombi langu moja: msikubaliane bei na fundi kabla hajakuonesheni kilichokufa ni kitu gani. Mkanda wa mpira na lenzi, yaani kijicho cha leza kinachosoma diski, vyote vimo ndani ya deki moja, lakini bei zake hazikaribiani.

Assalamu alaykum fundi. Deki yangu nikitia CD inazunguka kidogo, inasita, kisha inaandika NO DISC. Fundi wa mtaani anasema lenzi imekufa, na anataka fedha zinazokaribia bei ya deki mpya. Nimpe? (Baba, Mwanakwerekwe)

Waalaykum salaam. Usimpe bado. Jaribu kwanza mwenyewe kwa diski tatu: DVD iliyochapwa kiwandani, DVD iliyochomwa kwenye kompyuta, na CD ya kawaida ya sauti. Ndani ya deki mna leza mbili, moja ya DVD yenye mwanga wa nanomita 650 na nyengine ya CD, nanomita 780. Ikisoma CD za sauti na kukataa kila DVD, leza ya DVD imechoka na fundi wako huenda amesema kweli. Ikisoma za kiwandani na kukataa za kuchoma, lenzi ina uchafu au leza imeanza kupungua nguvu, maana diski ya kuchoma hurudisha mwanga hafifu zaidi. Ikikataa zote, bado kusafisha kunatangulia kabla ya kubadilisha.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na deki zetu zinakaa sebuleni pamoja na chetezo cha udi na ubani. Moshi ule hutua juu ya lenzi ukafanya utando. Chomoa plagi, fungua kifuniko, utakiona kijicho cha kioo kisichozidi punje ya dengu. Kikiwa safi kinang'aa kwa rangi ya samawati. Kikiwa kichafu kimefifia. Chukua kijiti cha pamba, kitie spiriti ya isopropili kidogo tu, upanguse taratibu bila kukandamiza, kwa sababu kioo hicho kimening'inia kwenye nyaya nyembamba mno. Usiiwashe deki ikiwa wazi ukakichungulia kijicho hicho. Leza hudhuru macho.

Ikibidi kubadilisha, simama pale fundi anapofanya kazi. Lenzi mpya nyingi huja na tone dogo la risasi ya kulehemu lililounganisha njia mbili za umeme, ili umeme wa mikononi usiiue leza. Tone hilo huondolewa baada ya lenzi kuunganishwa kwenye deki. Fundi asiyelijua ataliacha, leza haitawaka, naye atakwambia spea aliyoletewa ni mbovu. Kibaya zaidi ni yule anayezungusha skrubu ndogo ya pembeni ya lenzi ili leza ya zamani iongeze mwanga. Deki itasoma na utaondoka umeridhika, lakini leza inayolazimishwa hivyo haidumu. Mtu akikutajia dawa hiyo, chukua deki yako.

Kwa bei, kipimo changu ni nusu. Gharama ikivuka nusu ya bei ya deki mpya, nunua mpya. Lenzi ya mtumba iliyotolewa kwenye deki nyengine mimi siilipii, maana hakuna ajuaye imebakisha uhai gani.

Umeme ulikatika, uliporudi deki haiwaki hata taa. Ndiyo basi tena? (Kijana, Wete)

Hapana, hii itengenezwe. Mara nyingi kilichokufa ni upande wa umeme tu: fyuzi imekatika, au kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa. Ni spea za bei nafuu na lenzi yako huenda ni nzima kabisa. Ila usiufungue upande huo mwenyewe. Umeme wa ukutani ni volti 230, ukishageuzwa humo ndani unapita 300, na kapasita kubwa huweza kuuhifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Na fundi akitaka kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, mkatalie. Fyuzi ikikatika mara mbili, kuna kitu kimepiga shoti nyuma yake, na waya ule utaunguza deki na pengine nyumba.

Wa Unguja tunakumbuka miezi ile ya giza, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ulipokatika umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini, watu wakawa wanaendesha TV na deki kwa jenereta ndogo ambazo umeme wake hupanda na kushuka. Tabia moja ya wakati ule inafaa kudumu: umeme ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi ngoja dakika chache kabla ya kuirudisha.

Trei ya deki yangu haitoki mpaka mjukuu aivute kwa kisu. Wanangu wanasema niitupe. (Bibi, Mkunazini)

Shikamoo bibi yangu. Usiitupe, na kisu kiwekwe mbali. Ndani mna mkanda mdogo wa mpira unaozungusha gurudumu la trei, nao kwa joto letu hulegea na kuteleza. Fundi anaubadilisha huku umekaa unamngoja. Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika deki.

Nimeona deki za mtumba kutoka Japani na Dubai, nzito, za zamani, bei nzuri. Ninunue badala ya kutengeneza yangu? (Mfanyabiashara, Darajani)

Uzito ule ni wa kweli, na nyingi zimetengenezwa vizuri. Lakini kabla ya kutoa fedha igeuze nyuma usome kibandiko. Ikiandikwa 100–240V, iko salama. Ikiandikwa 100V peke yake, ni ya matumizi ya Japani, na ukiichomeka hapa bila transfoma itakufa pale pale. Kisha kuna namba za kanda. DVD za kiwandani hugawiwa kwa kanda za dunia: Tanzania tuko namba 5, Japani, Ulaya na nchi za Ghuba ni namba 2. Deki ya namba 2 inaweza kuikataa DVD halisi ya namba 5. Hizi za harusi, mawaidha na taarabu zinazochomwa hapa nyumbani kwa kawaida hazina namba ya kanda, zitapiga popote. Nenda na diski yako mwenyewe dukani, uiangalie ikipiga mpaka mwisho, kwa sababu deki iliyochoka huanza vizuri na kukwama katikati.

Mama yetu amefariki. Tunayo DVD ya harusi ya dada yetu, upande wa wanawake, na mama yumo anaimba na wenzake. Sasa picha inaganda na kukatika vipande. Tunataka kununua deki mpya ili tuione. Ipi nzuri? (Dada, Chake Chake)

Mungu amrehemu mama. Dada yangu, deki iacheni kwanza. Deki zinauzwa kila siku. Diski hiyo iko moja. Iondoeni sasa hivi kwenye deki inayokwama na msiirudishe.

DVD ya kuchoma huandikwa kwenye tabaka la rangi lililobanwa kati ya sahani mbili za plastiki, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevu. Ishikeni kwa ukingo, muielekeze kwenye mwanga. Mkiona alama za vidole na vumbi, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, ipanguswe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani msiitumie. Ndani yake mna chembe zinazosugua, na hii si diski ya kujaribia.

Kisha itieni kwenye kompyuta, na ikikataa moja, jaribuni nyengine. Kila kisomeo kina jicho lake, na nimeona diski iliyokataliwa na deki ikasomwa na laptopu kuukuu. Ikifunguka msikae kuiangalia. Nakilini kwanza folda nzima iitwayo VIDEO_TS, ndimo ilimo video yenyewe. DVD ya tabaka moja haizidi gigabaiti 4.7, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 16 inachukua DVD tatu zilizojaa. Fanyeni nakala mbili, kila moja ikae nyumba yake.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Wanawake waliomo humo walivaa na kucheza wakijua hakuna mwanamume. Msiipeleke duka la kuchoma CD mkaambiwa njooni kesho. Tafuteni katika jamaa zenu msichana anayejua kompyuta, kazi ifanyike ndani. Ikibidi kwenda kwa mtu wa nje, mmoja wenu akae naye, na nakala ifutwe kwenye kompyuta yake mbele ya macho yenu, na kwenye kapu la taka la kompyuta pia. Na nyote mnaopeleka deki kwa fundi, toeni CD iliyomo. Ikiwa imekwama humo, mwambieni aifungue mkiwa mmesimama hapo.

Deki ya madrasa haisomi CD tena lakini flashi inapiga. Tuna CD nyingi za mawaidha. Tutengeneze? (Ustadh, Konde)

Ustadh, hapana. CD zenu zinakilika kwenye flashi mbili tatu kwa kompyuta ya skuli au ya jirani, na deki hiyo hiyo itaendelea kuwatumikia vijana. Mkinunua TV mpya baadaye, tazameni nyuma yake kabla ya kulipa. Deki za bei nafuu nyingi zina matundu matatu tu, njano la picha, jeupe na jekundu la sauti, na TV nyengine mpya hazina tena mahali pa kuyapokea. TV yenyewe ikiwa na tundu la USB, huenda hamtahitaji deki kabisa.

Nimeshanunua mpya. Hii mbovu niichome na taka? (Msomaji, Fuoni)

Usiichome. Plastiki na risasi iliyomo kwenye ubao wake hutoa moshi wa sumu, na watoto ndio wanaokaa karibu na jaa. Mpelekee fundi, hata bure. Ubao wa umeme, mota, mkanda na trei vyote huponya deki za wengine. Rimoti baki nayo kwanza, uijaribu kwenye deki mpya. Za bei nafuu mara nyengine husikilizana.