Mfuko wa kodi ya nyumba wa manispaa haupo, acheni kununua fomu

SWALI: Asalam alaykum wakili. Tumekodi vyumba viwili Fuoni, hapa Zanzibar, 80,000 kwa mwezi. Kazi ya mume wangu hotelini imesimama, tunadaiwa miezi mitano na mwenye nyumba katupa mpaka mwisho wa mwezi. Shemeji yangu yuko Columbus, Ohio, anasema wakati wa korona mji wa kule ulimlipia kodi. Na hapa mtaani kuna mtu anauza fomu za "mfuko wa kodi wa manispaa", 30,000, tushanunua. Je nikiwa na fomu hii mwenye nyumba anaweza kunitoa? Na majibu yanachukua siku ngapi?

JIBU: Waalaykum salam dada yangu. Majibu hayatokuja, maana hiyo fomu haina pa kwenda. Manispaa zetu kazi yao taka, masoko, mitaro, leseni za biashara, hakuna fungu la kumlipia mpangaji kodi ya nyumba ya mtu.

Shemeji yako hakukudanganya, ila kakuhadithia nusu. Marekani serikali kuu ndo ilotoa pesa, dola bilioni 25 Disemba 2020 na bilioni 21.55 nyengine Machi 2021, zikashuka kwenye majimbo na moja kwa moja kwenye miji na kaunti zenye watu zaidi ya 200,000, Columbus ikiwemo, miji ikapokea maombi na ikalipa madeni ya kodi. Mara nyingi pesa ilikwenda kwa mwenye nyumba, mpangaji haioni. Kuomba kulikuwa bure. Na mlango ushafungwa, mwisho wa kutumia zile pesa ulikuwa Septemba 2025.

Sasa hapa ndo panaponitia hasira. Watu wanaamini kuomba msaada ni kinga. Hata huko Marekani kuna watu walitolewa huku maombi yao yamo foleni, kwa sababu sehemu nyingi kuomba tu hakumzuii mwenye nyumba kwenda mahkamani, na hapo mfuko ulikuwepo kweli, na pesa zimo! Alikuja mama mmoja ofisini, fomu kaiweka kwenye bahasha ya kaki kaikunja vizuri kama cheti cha ndoa, wiki saba hajasema na mwenye nyumba wake, akipigiwa simu hapokei, "nasubiri manispaa". Siku aliyokuja kitanda na jiko la gesi vishapakiwa kwenye gari ya ng'ombe. Wiki saba zile angelipa hata robo ya deni mambo yangekuwa mengine kabisa.

Kwaiyo wewe nenda kwa mwenye nyumba leo, usingoje simu yake, nenda na chochote mkononi hata 50,000, mwambie ukweli kuhusu kazi ya mume, mkubaliane mtalipa kiasi gani kila wiki, muandikishane mbele ya sheha, kiongozi wenu wa serikali hapo mtaani, na kila mmoja abaki na nakala. Ukilipa kwa simu ule ujumbe usiufute. Wenye nyumba wengi wanataka pesa yao, hawataki kesi. Akikataa, basi aende mahkamani, hana ruhusa ya kukubadilishia kufuli wala kung'oa mlango wala kukutolea vyombo nje kwa mkono wake, na barua ya sheha si hukumu, sheha anasuluhisha tu. Lakini deni ni deni, mahkama haitokufutia.

Wakili huna pesa ya kumlipa, najua. Tuna sheria ya msaada wa kisheria tangu 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, kina ofisi Unguja na Pemba, na wako wasaidizi wa sheria huko huko majimboni. Muulize sheha akuelekeze.

Na nyie wengine mnaosoma, maana kila nikijibu mmoja wanakuja watatu na fomu nyengine. Pensheni Jamii ya wazee wa miaka 70 na kuendelea ilianza 2016, hakuna aliyeuziwa fomu. Kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zinatambuliwa kwenye mkutano wa shehia, watu wamekaa mkekani wanatajana, haziandikishwi na kijana wa pikipiki. Anayekutaka pesa kwanza ili upewe pesa baadae huyo ni tapeli, hata akija na kamba ya kitambulisho shingoni na majina ya wakubwa kwenye simu, na sasa wako wanaouza mpaka "nafasi" za fleti za serikali kwenye magrupu ya WhatsApp, picha ya jengo, namba ya simu, basi, watu wanatuma.

30,000 zako ni zaidi ya theluthi ya kodi ya mwezi, ndo nnachokereka. Fomu usiichane dada, njoo nayo tuipeleke polisi. Ninazo nne kwenye droo, muhuri ule ule, na zote zimeandikwa "Manisipaa".