Maswali ya Wasomaji: Siku ya Mtaa

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: shughuli ya mtaa hupangwaje hata isiharibike? Tumejibu kwa urefu pale penye mambo mengi.

*Assalaam aleikum wahariri. Vijana wa Shela tunataka kuandaa mashindano ya mashua, vyombo kumi hivi, kati ya Lamu mjini na Shela. Tumeona kwa wenzetu vyombo vikikwama kwenye mafungu ya mchanga kabla ya kumaliza. Tuchague siku gani, na njia tuipange vipi? – Msomaji, Shela*

Waaleikum salaam. Anzeni na maji, watu watafuata. Wanaokwama mara nyingi ni wale waliochagua Jumamosi kwa kuwa watu hawaendi kazini, wakasahau kuuliza mwezi ni wa ngapi.

Katika pwani yetu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe ya Kiislamu inakupa saa ya maji hata usipokuwa na jedwali: tarehe 1 na 15 yanajaa karibu saa kumi, tarehe 8 na 22 yanajaa asubuhi, na alasiri utakuta mafungu yako wazi. Tafuteni siku ambayo maji yanajaa kati ya saa tisa na saa kumi na moja, kisha anzeni saa moja na nusu kabla ya kujaa. Sababu ni mbili. Upepo wa mchana unakuwa umeshakaza, na maji yanakuwa bado yanapanda, kwa hiyo chombo kikigusa fungu, maji yenyewe yatakiinua. Kikigusa maji yakitoka, kitalala hapo hadi usiku.

Kisha msimu. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kutoka mjini kwenda Shela ni kubisha, yaani kupanda upepo kwa kukata huku na huku, na kurudi ni upepo wa tezi, unaotoka nyuma. Hiyo ni njia nzuri kwa sababu inapima unahodha kwenda na inawafurahisha watazamaji kurudi, vyombo vyote vikija na matanga yamejaa mbele ya watu walioketi ukingoni. Lakini kusi la Juni na Julai ni kali kwa mashua ndogo. Ngojeni lipungue kuanzia Septemba, au mfanye wakati wa upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi, ambapo kisiwa cha Manda kinazuia mawimbi na mlango wa bahari unakuwa mtulivu. Wakati wowote, boya la kugeuzia la Shela liwe ndani ya Ras Kitau, ile rasi ya Manda inayoelekeana na Shela. Nje ya hapo maji yanayotoka hukutana na kusi uso kwa uso, mawimbi yakasimama wima na kukaribiana, na chombo chepesi hujaa maji kwa mawimbi matatu tu.

Msianze vyombo vikiwa mbioni; hapo ndipo ugomvi wote huzaliwa, kila mmoja akisema mwenzake alivuka mstari mapema. Vyote vitie nanga kwenye mstari mmoja, tanga limetuliwa, nafasi ya mita 20 kati ya chombo na chombo ili foromali, ile miti inayoshika matanga, zisikamatane. Bendera ikishuka, mabaharia wang'oe nanga na kuvuta henza, kamba ya kutwekea tanga. Aliyetweka kwanza anajulikana na kila mtu, hahitaji mwamuzi.

Kanuni ziandikwe na zisomwe mbele ya manahodha wote asubuhi ya siku yenyewe. Vyombo viwili vikikutana katika kubisha, chenye upepo wa upande wa kulia kinapewa njia. Anayegusa boya analizunguka tena. Viroba vya mchanga vya kutuliza chombo na mabaharia vihesabiwe kabla na baada, kwa sababu kishawishi cha kutupa viroba baharini wakati wa kurudi ni kikubwa. Mashine ya chombo itolewe, isifunikwe tu. Na pimeni urefu wa vyombo mapema mkavigawa madaraja mawili. Mashua ya mita 7 haishindani na ya mita 10 hata nahodha awe hodari vipi, na mwenye chombo kidogo akishindwa hivyo mara moja hatarudi mwakani.

Boti za faiba zenye mashine ziwe mbili kwa vyombo kumi, moja ikikaa penye boya wakati wote. Ajali nyingi hutokea pale, vyombo vinapopitisha foromali kwa pamoja. Kila baharia avae jaketi la kuokolea. Asiyevaa hapandi, hata kama ni mtoto wa mwenye chombo.

*Kwetu Langoni wazee wanataka mbio za punda siku hiyohiyo ya mashua, palepale Usita wa Pwani, njia ya ukingoni mwa bahari, ili wageni waone vyote kwa pamoja. Kuna wanaosema punda watateseka. Mnasemaje? – Msomaji, Lamu*

Siku moja inawezekana, saa moja haiwezekani. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, yanayowafaa mashua ndiyo yanayorusha mawimbi juu ya ukingo na kuilowesha saruji, na punda wetu hawapigwi viatu vya chuma: kwato juu ya saruji yenye maji na mwani huteleza. Wakimbieni asubuhi, saa mbili, kabla jua halijakaza.

Kuhusu mateso, wasiwasi huo ni wa haki, na dawa yake ni ukaguzi wa jana yake. Ombeni daktari wa mifugo, au watumishi wa kliniki ya punda ya pale Lamu, wawatazame wote. Punda mwenye kidonda cha tandiko mgongoni, anayechechemea, mwenye mimba, au anayenyonyesha haingii. Wala aliye chini ya miaka minne na nusu hivi: mfungueni kinywa, na kama meno ya mbele ya pembeni bado ni ya utoto, huyo mwacheni akue. Mpandaji asizidi kilo 50, ndiyo maana mbio hizi ni za vijana wembamba. Fimbo, misumari na minyororo hapana kabisa. Anayeonekana nayo anatolewa hata akiwa wa kwanza, na jambo hili lisemwe kwa kipaza sauti kabla ya kuanza ili asidai hakusikia.

Wakimbieni kwa makundi ya watano au sita, washindi wawili wa kila kundi waende fainali. Njia ni nyembamba, na punda kumi na tano pamoja hupandana. Tatizo jingine ambalo wageni hawalijui ni vichochoro. Punda aliyezoea kubeba mawe au mchanga kuingia mtaa fulani atakata kona kuelekea huko katikati ya mbio. Msifunge kamba kwenye midomo ya vichochoro, itamkata miguu au shingo ya mpandaji. Wekeni watu wazima wawili kila mdomo, wasimame mikono wazi, hiyo inatosha. Watoto wakae upande wa nyumba, si upande wa bahari.

Mwisho wa njia pawe na kivuli na ndoo za maji safi. Mwache punda atembezwe dakika kumi, apumue, ndipo anywe. Zawadi mpeni mwenye punda pia, si mpandaji peke yake. Pale penye zawadi ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, wenyewe huanza kutibu vidonda mwezi mzima kabla ya siku.

*Nimekabidhiwa pilau ya watu 200 kwa maulidi ya mtaa. Mara iliyopita aliyepika aliunguza chini na juu mchele ukabaki kiini. Naombeni vipimo. – Mama wa Maweni, Malindi*

Bi, vipimo hivi ni vya watu 200 wanaokula vizuri: mchele kilo 25, nyama yenye mifupa kilo 25, viazi kilo 10, vitunguu maji kilo 6, mafuta lita 4, thomu na tangawizi robo tatu ya kilo kila kimoja. Bizari nzima (jira) robo kilo, pilipili manga gramu 75, mdalasini gramu 75, iliki gramu 50, karafuu gramu 40. Karafuu usizidishe, huufanya wali uwe mchungu na haina dawa ikishaingia.

Usipike katika sufuria moja. Kosa la mwenzako ni hilo kuliko moto: mchele wa kilo 25 pamoja unajikandamiza kwa uzito wake, mvuke haupandi, chini panaungua huku juu pakingoja. Gawa sufuria tatu, kilo nane na kidogo kila moja, na kaanga vitunguu vya kila sufuria peke yake hadi viwe rangi ya kahawia iliyokoza. Rangi ya pilau inatoka hapo.

Nyama ichemshwe kwanza hadi iive, supu uipime. Mchele wa pishori ulioroweka nusu saa unataka lita moja na nusu kwa kilo, supu ikiwa imo ndani ya hesabu hiyo. Kwa sufuria ya kilo 8 ni lita 12. Onja kabla ya kutia mchele: supu iwe imezidi chumvi kidogo, kwani mchele utainyonya. Tia mchele maji yakitokota, geuza kutoka chini mara moja, na maji yakishuka hadi usawa wa mchele geuza tena kwa upole, kisha usiguse. Hapo ondoa kuni zote, acha makaa machache yaliyotandazwa, funika kwa majani ya mgomba au karatasi ya foili, mfuniko juu, na juu ya mfuniko palia makaa mengi kuliko ya chini. Dakika 40. Ukisikia harufu ya kuungua kabla ya hapo, toa makaa ya chini yote na acha ya juu.

Andaa masinia 50, watu wanne kwa sinia. Pilau ya adhuhuri ipikwe asubuhi ileile. Ukiipika usiku ikalala kwenye sufuria, kuna vijidudu vinavyostahimili moto na kuzaliana wali unapopoa polepole, na kuupasha tena hakuondoi sumu yao.

*Dada yangu ameolewa Uingereza, anaishi kijiji kidogo huko England. Anasema kuna ukumbi wa kijiji, maonyesho ya maua na mboga, sherehe ya kiangazi, na yote yanaendeshwa na wanakijiji wenyewe. Nani anatoa pesa? Tungeweza kuiga? – Msomaji, Malindi*

Pesa zina mifereji miwili, na ni vizuri kuitenganisha. Wa kwanza ni baraza la parokia, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa huko, lililoundwa na sheria ya 1894. Jina lilitokana na parokia za kanisa, lakini baraza lenyewe si la kanisa. Lina wajumbe wasiopungua watano, kwa kawaida hawalipwi mshahara, na karani anayeweka kumbukumbu na hesabu. Kila mwaka baraza hukadiria mahitaji yake, na kiasi hicho huongezwa kwenye kodi ya nyumba ambayo halmashauri kubwa inakusanya. Ndicho kinacholipia mabenchi, uwanja wa watoto, au kukata nyasi. Tangazo la kikao hubandikwa siku tatu kamili kabla, na kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni lazima pawe na mkutano wa mwaka ambapo kila mpiga kura wa parokia anaweza kuhudhuria na kusema.

Mfereji wa pili ni ukumbi. Kumbi nyingi ni amana za hisani, yaani mali iliyowekwa kwa faida ya umma, chini ya wadhamini wa kujitolea, na si chache zilijengwa kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu vya Kwanza. Ukumbi hujilisha kwa kukodishwa kwa saa: harusi, mazoezi, watoto wachanga na mama zao, hata kituo cha kura. Pengo la pesa za paa au jiko hujazwa na sherehe ya kiangazi, kwa meza za keki, vitabu vya mitumba, michezo ya watoto na bahati nasibu. Maonyesho ya mboga yana kanuni kali. Wakisema vitunguu vitatu vinavyofanana, ukileta vinne unaondolewa bila kutazamwa.

Kodi hatuwezi kuiga, mtaa wetu hauna mamlaka hayo. Bahati nasibu tuiache, kwa wengi wetu ni kamari; mnada wa mikate ya mofa, halwa na mikeka utaleta zaidi. Lakini ratiba ya mwaka mzima inayotolewa Januari, ubao wa matangazo penye baraza, na ukumbi wenye bei inayojulikana na daftari la kukodisha, hayo Malindi inaweza kuanza nayo mwezi ujao, hata kwa kutumia darasa la madrasa siku za likizo.

*Michango ya shughuli ikae wapi, na je, tunahitaji ruhusa ya polisi? – Msomaji, Shela*

Michango isikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi; akiumwa siku ya shughuli, pesa zimefungwa naye. Sajilini kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya 2022: mnahitaji wanachama kumi au zaidi, katiba, na kumbukumbu za kikao mlichochagua viongozi. Kisha fungueni akaunti ya sahihi tatu. Hesabu zibandikwe msikitini au barazani ndani ya wiki moja, pamoja na risiti.

Kwa polisi, sheria inataka mkutano wa hadhara au maandamano yataarifiwe kwa mkuu wa kituo siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Hata kama shughuli yenu ni ya michezo, pelekeni barua ndani ya muda huo, nakala kwa chifu, na ya ziada mgongewe muhuri mbaki nayo. Andikeni saa ya kuanza na kumaliza, njia, na namba za simu za watu wawili. Spika zielekezeni baharini, na anayezishika awe na nyakati za adhana mfukoni.