Mtaa ufundishe, na wenyeji wasahihishe

Mhariri, mmeuliza wiki hii: kuwatoa wanafunzi darasani wakajifunze mtaani ni elimu au ni kupoteza vipindi? Mimi nafundisha jiografia sekondari hapa Dar es Salaam. Kwangu ni elimu, ila kwa sharti kwamba wenyeji waione kazi iliyofanyika kwao na wawe na haki ya kuikosoa.

Mfano tunao. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vifaa vya GPS, wakashirikiana na vijana wa hapohapo kuchora ramani ya mtaa na kuiweka wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaieneza kazi hiyo katika kata nyingine za jiji, hasa zinazokumbwa na mafuriko. Picha ya setilaiti huonyesha mabati ya paa tu. Mfereji ulioziba na maji yalikofika, hayo anayajua mkazi.

Mpe mwanafunzi futi kamba, mpeleke bonde la Msimbazi. Mama mwenye nyumba atamwonyesha mstari wa tope la mafuriko ukutani: "Yalifika hapa, mwanangu." Atapima, ataandika. Kabla hajafunga daftari, jirani atadakia: "Huo ni wa juzijuzi, yale makubwa yalipita dirisha!" Sasa ana vipimo viwili vya ukuta mmoja, na lazima aulize vya mwaka gani na nani mwingine aliyaona. Huo ndio utafiti, na hakuna ubao utakaomfundisha hivyo.

Msiende bila kupita kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina. Watu wa bondeni hawajasahau alama nyekundu za X zilizochorwa kwenye nyumba za kubomolewa. Wakiona wageni wanapima kuta, milango inafungwa, na wana haki.

Najua nitakumbushwa sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe sehemu ya jamii yake. Wengi wetu tulichoambulia ni jembe, tena kama adhabu.

Kuhusu vipindi, mada ya usomaji wa ramani na upimaji imo kwenye muhtasari wa somo tayari, kwa hiyo hakuna kinachoibwa. Kazi ikiisha, ramani ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, na kalamu iachwe pembeni. Atakayekuta choo chake kimehamishiwa kwa jirani, arekebishe mwenyewe.